Vioo Chini ya Madhabahu

Ruolan alikuwa amelala chali juu ya mabenchi mawili aliyoyasogeza yakagusana, na juu yake, ghorofa nzima ya watu ilikuwa ikimchezea Mungu. Kila ngoma ilipolia, vumbi jembamba la chokaa lilimdondokea usoni. Hakulifuta. Alikuwa ameishikilia simu yake kwa mikono miwili, mwanga wake umeelekezwa kwenye ufa uliotoka kwenye nguzo ya kati, ukaambaa na boriti, ukaishia kwenye kona isiyofikiwa na mwanga. Aliutazama ufa ule jinsi mama anavyomtazama mtoto anayekohoa usingizini.

Jengo lenyewe lilikuwa la zamani, pale Marshalltown, katikati ya Johannesburg, lililojengwa kwa ajili ya makarani na mashine zao za chapa. Makarani walikwisha kwenda zao. Chini kabisa kulikuwa na maduka ya jumla ya mablanketi na masufuria. Katikati palikuwa na stoo ya kanisa, ambamo viti vya ziada, mabenchi na vipaza sauti vilivyokufa vilirundikwa pamoja. Juu ndiko lilikokuwa kanisa lenyewe la Pasta Jacques, na waumini wake wengi walikuwa Wakongo kutoka Uvira, Bukavu na Lubumbashi, washonaji, wasusi na walinzi, watu waliochoka wiki nzima na kuja Jumapili kuutupa uchovu wao sakafuni kwa miguu. Mpangaji fulani wa zamani alikuwa ameubomoa ukuta mmoja wa stoo ili apate nafasi ya kupanga mali zake, na hakuna aliyemuuliza kama ukuta ule ulikuwa umebeba kitu.

Ruolan, mwanafunzi wa uhandisi wa ujenzi aliyebakiza mwaka mmoja, alikuwa amejiuliza swali hilo siku ya kwanza alipotumwa kuleta viti. Baadaye akarudi kimyakimya na vipande vitatu vya kioo chembamba, akavibandika kwa plasta juu ya ufa, kila kimoja kikiukatiza kutoka upande mmoja hadi wa pili. Ni ujanja wa wahandisi wa tangu zamani. Kioo hakijui kunyumbuka. Ufa ukitulia, kioo hubaki kizima. Ufa ukitembea, hata kwa upana wa unywele, kioo hukatika. Pembeni ya kila kioo aliandika tarehe na neno moja la kusema ni kizima, na kwa kuwa alikuwa na haraka aliandika kwa Kichina, kama alivyozoea kujiandikia mambo yake.

Jumapili ile vioo vyote vilikuwa vizima. Hata hivyo vumbi lile lilimkera. Alikaa kitako, akajipangusa, akasikiliza sauti za akina mama wakiimba kule juu, sauti ya Mama Jeanne, mwenye nyumba aliyopanga chumba, ikiwa imewatangulia wengine wote. Hakuwa amemwambia mtu. Alikuwa na mwalimu, na jambo zito la namna hii hulisemi kabla mwalimu wako hajalisema.

*

Dkt. Kathambi alikuwa mwanamke mfupi wa Kimeru mwenye sauti ambayo, wanafunzi walidai, ingeweza kuliamuru zege likauke. Alifundisha mambo ya boriti na nguzo kwa Kiingereza kikavu, lakini Ruolan akiingia ofisini na kufunga mlango, wawili hao walizungumza Kiswahili, na kilikuwa burudani ya siri kwa wote wawili. Kathambi alikuwa na cha Kenya, cha kazi na haraka. Ruolan alikuwa na cha Morogoro, alikosoma shule ya msingi miaka ile baba yake alipokuwa akijenga barabara huko, Kiswahili cha kusalimu kwanza na kuomba samahani kabla ya kukosea.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba," alijibu Kathambi, kwa aibu ya mtu aliyepewa zawadi kubwa kuliko alivyostahili. Hakuwahi kuizoea. "Keti. Umeshafunga mizigo?"

"Nimekuja kukuomba ushauri kuhusu likizo."

"Ushauri wa nini tena? Jumapili asubuhi gari la kampuni linakuchukua getini. Unakwenda Limpopo kujenga daraja. Umenunua buti?"

"Nimenunua."

"Basi ushauri umekwisha."

Ruolan aliitoa simu yake, akaifungua kwenye picha, akaisukuma mezani kwa mikono miwili. Kathambi alizitazama kwa kupitisha tu, kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya jirani. Kisha akarudi kwenye ya kwanza. Akaikuza. Akakaa nayo.

"Hapa ni wapi?"

Ruolan alimweleza: jengo, stoo, ukuta uliobomolewa, ngoma. Halafu akasema lile lililomleta, na alilisema haraka asije akalimeza. "Nataka nibaki Johannesburg likizo yote. Nataka kulipima jengo hili."

"Kwa idhini ya nani?"

"Sina idhini."

"Mwenye jengo ni nani?"

"Hakuna anayemjua. Kuna mtu tu anakuja kuchukua kodi."

Kathambi aliiweka simu chini. "Nisikilize, msichana. Ukisema jengo ni bovu, kumbe si bovu, umewatoa watu kanisani mwao bure. Ukisema ni zima, kumbe si zima..." Hakumalizia. "Wewe bado ni mwanafunzi. Mwanafunzi hana muhuri. Ile nafasi ya Limpopo niliipigania mimi mwenyewe, niliwaambia nina mtu asiyeniangusha. Usipofanya mazoezi ya kazi likizo hii, mwaka ujao humalizi. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

Alilijua vizuri kupita kiasi. Mama yake kule Luoyang, China, alikwisha kuwatangazia majirani mwezi wa mahafali, na baba yake alikuwa ameahirisha kustaafu ili mwaka huo mmoja uliobaki upite salama. Hapakuwa na fedha za mwaka mwingine baada ya huo.

"Basi nenda kajenge daraja," alisema Kathambi, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Januari ukirudi, tutakwenda wote kwa utaratibu. Vioo vinasemaje?"

"Jumapili vilikuwa vizima."

"Vimekujibu. Kaviangalie tena kabla hujaondoka. Kimoja kikikatika, nipigie, hata kama niko mazishini."

Ruolan alisimama, akashukuru. Alikuwa amefika mlangoni Kathambi aliposema, "Hao watu wenyewe wanasemaje?"

"Sijawaambia. Nilikuwa nakusubiri wewe, Daktari."

Kathambi alivua miwani yake. "Mimi? Mimi sijawahi kukanyaga huko. Wanaoruka juu ya huo ufa ni wao, na umekaa na habari yao kifuani ukinisubiri mimi?"

Hakulisema kwa ukali, na ndiyo maana lilimchoma. Ruolan aliteremka ngazi za chuo masikio yakimwaka moto. Kwao alikozaliwa, mwanafunzi hamtangulii mwalimu kwa neno. Morogoro nako alifundishwa kunyoosha kidole na kungoja aitwe. Alikuwa mngojaji hodari, mwenye kusifiwa kwa kungoja tangu utotoni, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu angeweza kuumia wakati yeye anangoja.

Alikata shauri kwamba Jumamosi, akishaviangalia vioo, atamwambia Mama Jeanne.

*

Mama Jeanne ndiye aliyemkodishia chumba mtaani Rosettenville, katika nyumba ambayo sebule yake iligeuzwa chumba cha cherehani na vitenge vilikalia viti kabla ya wageni. Ruolan alifuata Kiswahili mpaka mtaa ule, akabaki kwa sababu ya sombe, kisamvu cha Wakongo. Mama Jeanne alimwita Lani, alimfokea kwa kula kidogo, na kanisani alikuwa msimamizi wa viti na usafi, kwa hiyo funguo za stoo zilikaa kwake.

Jumamosi ile Ruolan alimaliza kufunga begi, akapika, akamngoja Mama arudi na funguo kutoka kwenye usafi wa kanisa. Mama Jeanne aliingia saa za alasiri, rangi nyeupe imemganda viganjani, akakipita chakula bila kukitazama.

"Mama, karibu chakula."

"Leo sikuli. Hakuna mutu wa kanisa mwenye anakula leo. Pasta ametangaza kufunga."

"Kuna nini?"

Mama Jeanne alifunga mlango, akavuta pazia, akaketi kwenye kiti cha cherehani. "Kuko mutu ametuwekea kitu chini ya madhabahu."

Ruolan alibaki na mwiko mkononi.

"Vioo," alisema Mama Jeanne kwa sauti ya chini. "Vitatu. Vimepangwa kama meno, mu dari ya stoo, pale pale chini ya mahali Pasta anasimamaka. Na maandishi, Lani! Si Kifaransa, si Kiingereza. Maandishi ya kukunjakunja, kama wadudu. Mama Murielle aliona wa kwanza, akapiga kelele mpaka watu wa maduka wakapanda. Tulifunga na kuomba. Tukapaka mafuta ya upako. Halafu tukavitoa na nyundo."

Kicheko kilimpanda Ruolan kooni, kicheko kibaya cha woga, akakirudisha. Hakuna mahali pengine duniani ambapo tarehe za mwezi wa Novemba zingepigwa kwa nyundo na kupakwa mafuta. "Na ufa?" aliuliza.

"Ule tumeziba na simenti, tumepaka na rangi. Sasa ni pazuri, haujui kama kulikuwa kitu. Na kesho ni ibada ya ushindi." Uso wa Mama Jeanne ulichangamka. "Pasta amesema watu wote, wazee kwa watoto, hata wale wa kwaya, tutakusanyika mbele, juu ya pale pale. Tutamukanyaga adui kichwa mpaka akimbie."

Kicheko kilikwisha. Ruolan aliwaona, wote, wamesongamana juu ya boriti ile moja isiyo na ukuta chini yake, wakiinua miguu pamoja na kuishusha pamoja.

Angeweza kunyamaza. Aliliona hilo wazi kabisa, na kwa sekunde chache alilitamani. Asubuhi gari lingekuja, daraja lingemngoja, na hakuna ambaye angejua mkono ulioandika maandishi yale. Angeweza kumpigia mwalimu wake, amwachie yeye mzigo. Lakini mtu aliyeketi mbele yake alikuwa na njaa kwa ajili ya kosa ambalo halikuwa lake. Ruolan alipiga moyo konde.

"Mama, vile vioo ni vyangu."

Mama Jeanne alicheka. Kisha akamtazama usoni, na kicheko kikamfia mdomoni.

"Wewe?"

"Mimi ndiye niliyevibandika. Ni vya kupimia. Nilitaka kujua kama ufa unaongezeka. Na yale maandishi ni ya kwetu, ni tarehe tu, Mama."

"Wewe mwenye ninakupikia? Nilikupa funguo yangu, Lani. Niliwaambia watu, huyu ni mtoto wangu, hana mambo mingi. Leo nimelia mbele ya Mungu, nimelaani mukono wa mutu mwenye alifanya vile. Kumbe nilikuwa nakulaani wewe!" Machozi yalikuwa yakimtoka, na alikuwa amekasirika kwa sababu yalimtoka. "Juu ya nini haukusema?"

"Nilikuwa namngoja mwalimu wangu."

"Mwalimu wako anafagia kanisa yetu?"

Ruolan alipiga magoti kando ya cherehani, kama alivyofundishwa Morogoro kuomba radhi, akasubiri ile hasira ipite juu yake. Ilipopungua kidogo aliuliza lile alilopaswa kuuliza. "Mama, nakuomba ukumbuke. Mlipovikuta, kabla ya nyundo, vilikuwa vizima?"

Mama Jeanne alijifuta kwa upande wa kitenge. "Viwili, ndiyo. Kile cha katikati kilikuwa kimekatika. Mustari mumoja, kama umekata na wembe. Na hakuna mutu alikuwa amekigusa. Njo pale Mama Murielle alipiga kelele. Tulisema, hapa kuko nguvu."

Gari lilipita nje, muziki wake ukatikisa dirisha.

"Mlisema kweli, Mama," alisema Ruolan. "Kuko nguvu."

*

Kathambi alipokea simu kwenye mlio wa kwanza. Alimsikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya darasani.

"Una hakika kilikatika chenyewe?"

"Aliyekiona ni Mama. Hana sababu ya kunidanganya, amenikasirikia mno."

"Ibada inaanza saa ngapi?"

"Saa nne."

"Na gari lako?"

"Saa mbili."

Kathambi alivuta pumzi. "Nitakwambia kama kilivyo. Wao hawangoji. Usipotokea getini, saa mbili na dakika tano watampigia mwingine, na mimi sitaweza kukurudisha. Mimi nitakwenda huko kwa hali yoyote, nimeshajua, siwezi tena kutojua. Nitasimama mlangoni niwakataze. Lakini kwao mimi ni mwanamke fulani tu mwenye kofia ngumu. Wamefunga, wana hamu, na wamechokozwa. Hawatanisikiliza." Kisha akaongeza, "Sikuambii ubaki, Ruolan. Usije siku moja ukasema ni mimi niliyekuambia."

Miezi minne iliyopita, hata siku nne zilizopita, Ruolan angeuliza: nifanyeje, basi? Neno lilimfika ulimini. Aliligeuza huko mdomoni, akaona halina ladha tena.

"Nitakuona saa tatu, Daktari. Njoo na ngazi. Ile ya kanisa ni fupi."

Baada ya kukata simu alikaa kitandani na kulia, maana alimwona mama yake akiwaeleza majirani upya, na baba yake akivaa tena kofia ya kazi. Alilia sana, kwa kwikwi, uso umezama kwenye begi alilolifunga vizuri. Kisha akalifungua begi, akatoa buti.

*

Mama Jeanne alikwenda naye kanisani asubuhi bila kumsemesha, lakini alikwenda naye. Aliketi kando yake katika kile chumba kidogo nyuma ya madhabahu ambamo Pasta Jacques alikuwa akivaa tai. Pasta alikuwa mtu mrefu, mlinzi wa benki siku za kazi, na alisikiliza kama mlinzi, macho yake yakipima mikono ya msemaji. Katikati ya maelezo simu ya Ruolan ilianza kutetema. Aliitazama. Alikuwa dereva wa kampuni. Aliizima, akaendelea na sentensi yake pale ilipokatikia.

"Mtoto wangu," alisema Pasta Jacques maelezo yalipokwisha, "unataka niwaambie watu waliokaa na njaa tangu jana kwamba adui hakuwepo?"

"Sitaki uwaambie lolote, Pasta. Nitawaambia mwenyewe. Naomba tu uniruhusu nisimame kabla ngoma haijaanza."

"Wana hasira. Wakikufukuza?"

"Watakuwa wamenifukuza. Lakini watakuwa wamesikia."

Pasta aliikaza tai yake, akailegeza tena. Alimgeukia Mama Jeanne. "Huyu ni mtoto wa nyumba yako?"

Mama Jeanne alikuwa akiutazama ukuta. Ruolan alihisi kwamba chochote ambacho kingetoka mdomoni mwake angekikubali, hata kama kingekuwa hapana.

"Ni wa nyumba yangu," alisema Mama Jeanne hatimaye. "Nina kasirani naye, Pasta, kasirani mingi. Lakini ni wa nyumba yangu."

"Basi asimame."

Kanisa lilikuwa limejaa. Walikuwa wamevaa nyeupe, kama walivyoagizwa, na nafasi ya mbele ya madhabahu ilikuwa imeachwa wazi, imefagiwa, ikingojea miguu. Ruolan hakuisogelea. Alisimama kando ya ukuta wa dirishani, na kwa kuwa hakupewa kipaza sauti ilibidi apaze sauti yake mwenyewe, sauti ambayo maisha yake yote ilikuwa imezoea kungoja kuitwa.

"Shikamooni, wazazi wangu. Mimi ndiye adui mliyemfungia jana."

Minong'ono ilipita safu hadi safu. Mwanamke mmoja alijishika kichwa. Ruolan alisema yote, kwa Kiswahili kile cha shule ya msingi, bila neno hata moja la chuo. Alisema habari ya ukuta uliobomolewa na boriti iliyobaki peke yake. Akawaambia kioo ni cha nini na maandishi yalisema nini. Alisema kwamba kosa lake halikuwa kubandika bali kunyamaza, na kwamba wangemtukana kwa hilo wangekuwa na haki. Kisha akasema kwamba kioo cha kati kilikatika kabla ya nyundo.

"Unatuambia tusimusifu Mungu?" aliuliza mzee mmoja kutoka katikati, amesimama.

"Hapana, Baba. Nawaomba mumsifu chini, kiwanjani, mahali ambapo ardhi inawabeba."

"Na kama hiyo dari yako haina kitu?"

"Basi mtakuwa mmeimba juani Jumapili moja, kwa ajili yangu, na mimi nitakuwa nimeaibika. Naomba niaibike, Baba. Naomba sana."

Hakuna aliyecheka. Mzee alibaki amesimama, anaitafuna midomo. Kisha akainama, akaokota Biblia yake na fimbo yake, akaanza kutembea kuelekea mlangoni, akiizunguka ile nafasi tupu kwa mbali. Pasta Jacques aliinua mkono. "Safu moja moja," alisema. "Bila ngoma. Bila kukimbia. Akina mama wenye watoto kwanza."

Kathambi alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake ngumu, ngazi imeegemea ukuta, na alikuwa amefungua mdomo ili aamrishe. Akaufumba. Alijibana kando, akawapisha.

*

Kule stoo, jengo likiwa tupu juu yao, Kathambi alipanda ngazi na kukwangua rangi ya jana kwa mwiko wa chuma. Simenti mbichi iling'oka kama ganda la yai. Alikwangua muda mrefu, akaingiza kidole, akakitoa kimekuwa chekundu kwa kutu.

"Tochi."

Ruolan alimmulikia. Chuma cha ndani ya boriti kilichopaswa kuwa na unene wa kidole gumba kilikuwa kimebaki kama msumari, na zege kando yake lilikuwa limeachana.

"Hakuna mtu anayepanda huko juu tena," alisema Kathambi, na sauti yake ilikuwa ya kawaida mno. "Kesho nitatafuta nguzo za chuma za kushikilia hapa, halafu niwatafute maofisa wa jiji, halafu huyo mchukua kodi." Aliteremka, akaketi kwenye benchi, rangi imemjaa nyweleni. "Shida ni Desemba. Wajenzi wote wanafunga mpaka Januari. Atatakiwa mtu wa kuwa hapa kila siku, apime asubuhi na jioni, awazuie watu, awasumbue wenye ofisi mpaka wamchoke."

"Nipo."

"Sina cheti cha kukupa kwa kazi hii. Chuo hakiitambui."

"Sijakuomba cheti, Daktari."

Kathambi alifungua mdomo kutoa ushauri, akaghairi. Alimpa kipimo cha utepe. Ruolan alipanda ngazi, akaanza na nguzo ya kati.

Huko chini, katika kiwanja cha kuegeshea magari nyuma ya maduka, walikuwa wameanza. Kwanza sauti tu, kisha ngoma, kisha miguu, mamia ya miguu juu ya lami, na mtu yeyote aliyedhani kwamba wale watu wangemwachia adui kichwa chake kwa sababu ya boriti moja hakuwajua. Wauzaji wa mtaani walikuwa wamesimama kutazama. Sauti ya Mama Jeanne ilikuwa mbele ya zote. Ghafla iliacha wimbo, ikapanda moja kwa moja hadi dirisha la stoo.

"Lani! Wewe, Lani! Shuka! Na wewe utakanyaga. Ulituogopesha kuliko shetani mwenyewe!"

Ruolan alimgeukia mwalimu wake. Kathambi alikuwa amemwelekezea kisogo, anapiga picha nguzo, na hakugeuka. Ruolan akaweka kipimo juu ya benchi, akashuka.

Jua la kiangazi lilimpiga usoni alipotoka. Mama Jeanne alimwona akija na buti zake mpya, wala hakumtabasamia. Alisogea tu kidogo upande wa kushoto, akiendelea kuimba, pakabaki nafasi ya mtu mmoja.